Mito mitatu ya Mama

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: umewahi kushtuka usingizini ukitweta, na chanzo kilikuwa nini? Mimi halijanipata, ila nimelala chumba kimoja na mtu lililompata: mama yangu mzazi.

Saa nne usiku alilala vizuri tu. Ikifika saa saba anakurupuka kama mtu aliyeibuka majini, anakaa kitandani miguu chini, kashika ukingo wa godoro, anavuta pumzi kwa mdomo. "Nifungulie dirisha, mwanangu." Robo saa hivi, pumzi inarudi. Majirani wakasema anakabwa na jinamizi, tukafukiza ubani. Walitutakia mema. Lakini jinamizi nalijua, lilishanikaba: unazinduka na huwezi kunyanyua hata kidole. Mama alikuwa akikimbilia dirishani.

Hospitali ya kwanza walimpa dawa ya pumu. Ya pili, daktari akamuuliza, "Mama, unalalia mito mingapi?" Nikashtuka. Mwaka ulianza na mmoja, tulikuwa tumefika mitatu, na siku nyingine alisinzia kitini mpaka alfajiri. Daktari akambonyeza juu ya kifundo cha mguu kwa kidole gumba. Alipokitoa, shimo likabaki.

Ulikuwa moyo. Presha aliishi nayo miaka mingi, vidonge akinywa siku anayojisikia vibaya tu. Moyo uliochoka huacha maji yajae miguuni mchana. Ukijilaza yanarudi kwenye damu, nao haumudu kuyasukuma, mapafu yanaelemewa. Ndiyo maana akikaa anapata nafuu. Alianzishiwa vidonge vya kutoa maji na vya presha, vya kila siku, chumvi tukaipunguza. Sasa analalia mto mmoja na nusu, yaani mmoja na kanga iliyokunjwa.

Si kila anayetweta ana moyo mgonjwa. Kaka yangu hukoroma nyumba nzima ikasikia, kisha kimya, sekunde kumi na zaidi, halafu anashtuka akigombania hewa: koo linajiziba usingizini. Mwenyewe hajui, wifi ndiye aliyetuambia. Mchana anasinzia, naye ni dereva. Bado namsihi aende akapimwe. Pumu nayo hupenda kubana usiku wa manane, kifua kikipiga filimbi, na kuna wanaoamshwa na tindikali inayopanda kooni kwa kula na kulala papo hapo.

Mnaolala karibu na mtu wa namna hii, hesabuni mito, tazameni miguu, sikilizeni anavyokoroma, mkamweleze daktari. Na kama amekaa na pumzi bado hairudi, au kifua kinamuuma, au midomo inageuka rangi, msingoje kukuche.

Msomaji, Tanga