Babu si kizee

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu yuko Kidato cha Kwanza. Waliambiwa waandike insha juu ya mtu wanayempenda, naye akamchagua babu yake. Akaanza hivi: "Babu yangu ni kizee kifupi kinachopenda kahawa chungu. Ana mkono wa birika, kila mgeni humiminiwa kikombe." Mwalimu wake kaizungushia yote wino mwekundu na kuandika pembeni, "Lugha ya dharau." Mtoto kalia. Anasema walifundishwa ki- ni ya udogo, na babu kweli mfupi, sasa kosa liko wapi? Nimekosa jibu.
Mama mzazi, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Mpe pole mjukuu wangu, umwambie sarufi yake haina doa. "Kizee kifupi kinachopenda": upatanisho umenyooka, ki- inafuatwa na ki-. Na hapo hapo ndipo palipoharibika.

Kwa Kiswahili chetu, chenye uhai hupewa a-, hata kama jina lake linaanza na ki-. Kiongozi amefika, kifaru amelala, kinyozi ananoa wembe. Hakuna aliyetukanwa. Lakini ukimvua mzee m- yake ukamvika ki-, halafu ukamburuza mpaka kwenye "kinachopenda", umemweka kabati moja na kijiko na kikombe. Msomaji haoni ufupi tena, anaona kitu. Ukikimbilia upande wa pili, wa ukubwa, ukaandika "zee linapenda kahawa", ni balaa zaidi. Kamusi itakwambia hao wote ni watu wa umri mkubwa. Kilichobadilika ni maana dokezi, ile hisia inayokuja imepanda mgongoni mwa neno.

Ila usimwambie kwamba ki- ni tusi, utampoteza. Wewe mwenyewe ulipokuwa ukimbembeleza, sidhani kama hukuwahi kumwita "kitoto changu". Ki- ile ile, na hapo ni mahaba matupu. Hata ukubwa ni hivyo hivyo: jumba ni sifa, jibwa si sifa.

Mimi somo hili nilifundishwa msibani, wala si chuoni. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwuliza mfiwa, "Amekufa saa ngapi?" Pakawa kimya. Mama mmoja mtu mzima akanivuta kanga: "Kuku ndiye anayekufa, mwanangu. Mtu hufariki." Kamusi haitamuunga mkono, lakini barazani pale yeye ndiye aliyekuwa na haki. Kufariki asili yake ni Kiarabu, kuachana. Neno linamsindikiza marehemu badala ya kumwangusha. Ndiyo kazi ya tafsida, yaani neno la staha badala ya neno kali. Ng'ombe huzaa, mama hujifungua. Na maneno huchakaa pia: "kilema" tulikuwa tukiliandika ubaoni bila kusita, leo hata sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 inasema "watu wenye ulemavu".

Sasa birika. Hapa nilicheka peke yangu, maana mtoto kafikiri vizuri kabisa: birika humimina, basi mwenye mkono wa birika ni mkarimu. Bahati mbaya nahau hii inamsema bahili. Mchukulie birika la jikoni autazame mkono wake, aachane na mdomo. Umejikunja ukarudi kiunoni kwa mwenyewe. Mkarimu tunasema ana mkono wazi, na mwenye mkono mrefu, funga kabati. Nahau haikisiwi, huulizwa.

Asiogope tamathali, yaani lugha ya picha, kwa sababu ya wino mwekundu. Atunge yake, kwa kile anachokiona kwa macho yake: "Babu yangu ni mzee mfupi, asubuhi huwa mchungu kama kahawa yake." Hiyo ni tashbihi, "kama" imesimama katikati. Akiitoa, "Asubuhi babu ni kahawa chungu", amepata sitiari, nayo ina nguvu zaidi kwa sababu haiombi ruhusa. Je, "mchungu" ni dharau? Inategemea babu mwenyewe na utani uliopo baina yao, na hilo mimi wa mbali siwezi kulipima.

Kwa hiyo kabla hajairudisha kwa mwalimu, amsomee babu kwa sauti wakati wa kahawa. Babu akicheka, sentensi ibaki. Akiweka kikombe chini, aifute.