Nikiacha pilau ya Idi kwa sababu ya kisukari, nimemkosea mwenyeji?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mama wa miaka 54, naishi Dodoma mjini, kwetu ni Kondoa. Nina kisukari, natumia vidonge. Kila Idi el-Fitri naenda nyumbani, na siku hiyo lazima nipite nyumba tano au sita za ndugu. Kila nyumba ni pilau, na soda juu. Nikikataa, shangazi ananuna, anasema mjini kumenibadilisha. Nikila, usiku silali kwa kiu na kwenda chooni. Mwaka jana siku ya pili nilisema nimefunga Sita, zile siku sita za mwezi wa Shawwali baada ya Ramadhani, kumbe sijafunga. Je, kukataa ni dhambi? Na ule uongo?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mama yangu, pole kwa maradhi, Allah akupe shifaa.

Kuitikia mwaliko na kula ni mambo mawili, na watu wengi wameyafanya kuwa moja. Katika Sahihi Muslim, Jabir (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alisema anayealikwa chakula aitikie, kisha akitaka atakula, akitaka ataacha. Haki ya shangazi yako ni wewe kufika, kumwamkia, kukaa naye na kumwombea dua. Ukifanya hayo umeshamtimizia. Kuacha chakula kinachokudhuru si dhambi.

Na Mtume mwenyewe aliwahi kurudisha mkono. Alikuwa nyumbani kwa mkewe, Bi Maymuna, kikaletwa chakula, akanyoosha mkono ale. Akaambiwa hiyo ni nyama ya dhabb, yule mjusi mkubwa wa jangwani. Akaurudisha. Khalid bin Walid akamwuliza, je, ni haramu? Akajibu kuwa si haramu, ila hapatikani katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimpendi. Khalid akaivuta nyama akala, Mtume akimtazama. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Angalia alivyofanya: hakukiponda chakula, hakumzuia mwenzake, na sababu aliisema wazi. Kama yeye aliacha kwa kutokipenda tu, wewe unayeacha kwa maradhi una udhuru mkubwa zaidi.

Kwa hiyo ule uongo, mama yangu, tubu kwa Mola wako na usiurudie. Hukuuhitaji. Na kama unataka kufunga Sita kweli, muulize kwanza daktari wako, maana vidonge na njaa ya mchana kutwa huenda visipatane. Shawwali ni mwezi mzima, na Sita ni sunna.

Sasa shangazi. Mpigie simu siku mbili tatu kabla, usingoje kumweleza mbele ya wageni. Mwambie: "Shangazi, nakuja, ila daktari amenipimia chakula. Nitakula kwako, kwingine nitapita kusalimia." Mtu akijua amepewa heshima ya kuchaguliwa, hanuni. Ukifika, nawa, kaa nao kwenye sinia, sema Bismillahi, anza na kachumbari. Kula kwa vidole vitatu kama alivyokuwa akila Mtume, na kula mbele yako. Sinia ni rehema kwa mgonjwa: hakuna anayehesabu matonge yako, wakati sahani inamwonyesha kila mtu ulichobakiza. Shangazi akikusogezea mnofu kwa ncha za vidole, upokee, hayo ni mapenzi yake kwako. Kinachokunyima usingizi ni ule wali wa nyumba ya nne na soda yake. Soda omba wabadilishe, maji ya kunywa hayakosi nyumba yoyote.

Asubuhi, kabla ya kwenda kuswali, sunna ni kula tende kwa idadi ya witri, yaani isiyogawanyika kwa mbili. Moja nayo ni witri.

Nanyi wenyeji, sikilizeni. Aya ya 31 ya Surat Al-A'raf inasema kuleni na kunyweni, wala msifanye israfu. Anayemlazimisha mgonjwa sahani ya pili kwa viapo na lawama anadhani anakirimu, na usiku mgonjwa anaamka peke yake.

Kuhusu safari hukuuliza, lakini nitakwambia. Usipande basi na tumbo tupu kwa hesabu kwamba utakula sana ukifika. Baadhi ya vidonge vya kisukari vikimkuta mtu hajala, sukari hushuka: jasho, mikono kutetemeka, kizunguzungu. Hapo soda uliyoikataa kwa shangazi huwa ndiyo dawa, na kuikataa ni kujitia katika maangamizo tuliyokatazwa katika Al-Baqara aya ya 195. Beba mayai ya kuchemsha, karanga na maji, na glukosi au pipi chache za dharura. Zabibu zetu za Dodoma wanazokuuzia dirishani zina sukari nyingi, onja chache, kichane kizima wapelekee wajukuu. Na vidonge viweke kwenye pochi unayoishika mkononi, si kwenye begi linaloingia kwenye buti.

Wallahu a'lam.