Re: Aisilandi wanapashaje nyumba joto bila kuchoma mafuta?

Mkuu umeuliza kama ni kweli Aisilandi wanapasha nyumba joto kwa maji ya moto toka ardhini, na walianzaje. Ni kweli kabisa, nyumba kama 9 kati ya 10. Ila wengi humu wanachanganya na umeme, umeme wao mwingi unatoka kwenye mabwawa, jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi, kazi yake kubwa ni kupasha nyumba.

Walianza kidogo tu, mwaka 1930 Reykjavik, mji mkuu wao, walivuta bomba la kama kilomita 3 toka kwenye chemchemi za maji moto walikokuwa wanafulia nguo, likapasha shule na nyumba chache. Lakini nyumba nyingi ziliendelea kutegemea mafuta mpaka bei ilipopaa 1973, hapo ndo serikali ikakaza watu wahamie kwenye jotoardhi. Na hapa ndo pa kujifunza jamani, kuchimba kisima cha maji ya moto ni hela nyingi na unaweza usipate kitu, sasa wao walikuwa na mfuko wa serikali unaowakopesha wachimbaji, kisima kikitoka kitupu deni linafutwa, ndo maana hata vijiji vidogo vilithubutu.

Halafu bomba la maji ya moto toka kituo cha jotoardhi cha Nesjavellir lina kilomita 27 hadi Reykjavik, nje baridi kali, ila limefungwa vizuri kiasi kwamba maji hayapoi hata digrii 2 njiani!

Na wataalamu wengi wa Olkaria, kwenye mitambo ya jotoardhi pale Kenya, wamesomea hukohuko Aisilandi, kwenye mafunzo yaliyoanza 1979, kwahiyo ujuzi tunao, huo mfuko wa kubeba hasara ya uchimbaji ndo tuudai kwa nguvu.