Mgeni wa mlima usimpime kama mgeni wa ufukweni

Msimu ukiisha, sisi tunaopandisha wageni kutoka Moshi huulizana: wangapi wamerudi? Kwa hoteli ya Zanzibar swali hilo lina uzito. Kwa Kilimanjaro linapotosha. Mtu akishafika kilele cha Uhuru, mita 5,895, kilichomleta kimekwisha, na wengi hawapandi tena hata uwalishe vipi.

Mimi naangalia zaidi nani kamtuma nani. Kila anayeomba bei namuuliza habari zetu kazipata wapi, na jibu naliandika daftarini mbele ya jina la mgeni wa zamani. Kuna mama mmoja sitamwona tena Moshi, lakini ukoo wake nusu umeshapanda kwa njia ya Machame.

Halafu nahesabu usiku ambao wageni walilala nje ya mlima. Mwaka 2023 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.8, na tulishangilia, ila hesabu ya vichwa haisemi nani alishuka akakimbilia uwanja wa ndege wa KIA na nani alibaki kuona maporomoko ya Materuni, akatwanga kahawa, akaoga kwenye chemchemi ya Chemka. Anayerudi, kwa ninavyoona, ni yule aliyeondoka na kitu hajakimaliza. Kwa hiyo swali langu la kuagana siku hizi ni: umekosa kuona nini?

Fomu za maoni wanazojaza wageni geti la Mweka, wakishuka mlimani, zina shida yake. Mgeni ametoka kupata cheti, wagumu, yaani wapagazi, wanaimba, bahasha ya tipu iko mkononi, kiongozi wake wa mlimani amesimama pembeni. Nani ataandika kwamba hema lilivuja? Wote wanaweka alama ya juu kabisa. Na akisema "nitarudi", hiyo ni heshima tu, usiiandike kama takwimu. Mtumie ujumbe wa WhatsApp baada ya wiki chache, magoti yakishapona. Hapo ndipo ukweli hutoka, na mara nyingi unahusu mambo madogo kama maji ya kunawa yaliyokuja baridi.

Jambo moja watu hulisahau: watenganishe waliofika kileleni na walioishia njiani. Aliyepita njia ya Marangu kwa siku tano akageuzwa kambi ya Kibo na ugonjwa wa mwinuko ataulaumu hata uji. Aliyepita njia ya Lemosho kwa siku nane, mwili ukazoea, akafika, atausifu uji uleule wa mpishi yuleyule. Ukichanganya majibu yao unaweza kumfukuza mpishi mzuri wakati cha kubadilisha kilikuwa idadi ya siku unazouza.