Usisimame, mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako niliupata usiku. Niliusoma mara mbili, nikaiweka simu kando, maana sikutaka kukujibu juujuu. Umesema mwaka huu ndugu zako wote watakuja kula sikukuu kwako, mara ya kwanza tangu uanze kujitegemea. Halafu ukaniuliza: "Mama, kazi sina, baba hatunaye. Nitasimamaje mbele ya watu niseme tunashukuru bila kujiona mnafiki?"

Neno hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi. Mnafiki hajiulizi swali kama lako. Wewe unaogopa kutamka jambo ambalo moyo haujalikubali, na hofu hiyo naiheshimu. Kwa hiyo naanzia hapo hapo: usisimame. Hakuna anayekudai hotuba.

Ngoja nikusimulie jambo ambalo sijawahi kukusimulia. Nilikuwa na miaka kama kumi. Siku ya sikukuu nyumba yetu ilijaa watu mpaka wengine wakakaa nje. Walipomaliza kula, mkubwa mmoja wa ukoo alisimama akashukuru kwa maneno mazuri sana, akamsifu babu yako kwa ukarimu wake. Watu wakaitikia, babu naye akajibu kwa heshima. Mimi nikatumwa kurudisha sahani jikoni. Nikamkuta bibi yako amekaa kwenye kigoda, sufuria ameiinamisha mapajani, anakwangua kwa kijiko chakula kilichoshika chini. Alikuwa ameamka kabla ya alfajiri, na hicho ndicho kilikuwa chakula chake cha kwanza siku ile. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umezungushiwa kitambaa. Alikuwa ameungua asubuhi, na kule alikokuwa akitajwa babu hakuna aliyejua. Nikaiona ile bendeji. Nikaweka sahani chini, nikakimbia kucheza.

Nilikuja kumwambia nikiwa na zaidi ya miaka thelathini, wewe ukiwa tayari unatembea. Nikamwambia, "Mama, ile sikukuu uliyoungua mkono, niliuona. Ulitupikia hivyo hivyo. Ahsante." Hakujibu kitu cha maana. Aliniuliza kama nimekula. Nikadhani nimemtia aibu bure. Kesho yake asubuhi nikamsikia akizungumza na mdogo wake kwa simu, sauti ameishusha: "Kumbe mtoto aliuona mkono wangu." Akarudia tena, kama mtu aliyeokota kitu alichokipoteza miaka mingi.

Tangu siku ile nina msimamo wangu kuhusu shukrani, na sitauficha. Shukrani inayoelekezwa kwa wote kwa pamoja huwa haimfikii mtu. Ili ifike, lazima iwe na jina la mtu na jambo alilolitenda. Ndiyo maana "tunashukuru kwa yote" inakukwama kooni: mwaka huu hukupata yote. Lakini kuna watu walikufanyia mambo, na hayo ni ya kweli, huhitaji kujilazimisha kuyaamini.

Nilipokuwa natafuta namna ya kukujibu, nilisoma kuhusu utafiti wa wanasaikolojia wawili, Amit Kumar na Nicholas Epley, uliochapishwa mwaka 2018. Waliwaomba watu waandike barua za shukrani kwa waliowahi kuwatendea wema, kisha wakisie mpokeaji atajisikiaje. Waandishi wa barua hizo walidhani wapokeaji wataona haya kuliko walivyoona kweli, na furaha ya wapokeaji wakaikadiria chini kuliko ilivyokuwa. Walihofia pia kama maneno yao yamepangika vizuri, kumbe wapokeaji walichojali zaidi ni ule upendo uliokuwa ndani yake. Niliposoma hapo nilimkumbuka bibi yako na ile simu. Mwanangu, miaka zaidi ya ishirini nilikaa kimya kwa kuogopa aibu ambayo haikuwepo.

Sasa tazama watu watakaoketi kwako. Kaka yako alikuwa akikutumia matangazo ya kazi kila wiki, hata miezi ile ambayo hukumjibu. Dada yako alikuja kukaa na watoto ulipokuwa huwezi kuinuka kitandani, na hakumwambia mtu. Najua kwa sababu uliniambia wewe, si yeye. Mwambie. Si lazima mezani mbele ya watu. Unaweza kumwambia mkiwa mnaosha vyombo, au ukimpokea mzigo mlangoni. Sentensi moja inatosha. Na tafadhali usiwazungushe watu mmoja mmoja kila mtu ataje anachoshukuru. Wapo wanaopenda, lakini aliyefiwa au aliyeumia huanza kutetemeka zamu yake ikikaribia, na watoto husema chochote ili waachwe wale.

Kuhusu baba yako. Usilikwepe jina lake. Najua mnadhani mkilitaja nitalia, na pengine nitalia, lakini kimya chenu ndicho kinachoniumiza zaidi. Litaje kama mnavyotaja la mtu yeyote wa nyumbani. Kumbusha alivyokuwa akionja chungu kwa siri, kisha anasisitiza hajagusa kitu. Acha watoto wacheke. Unaweza kuwa na huzuni na shukrani katika mlo mmoja. Mimi nimekula hivyo kwa miaka miwili sasa.

Suala la pesa nitalipitia haraka kwa kuwa unajua nitakachosema: usikope ili ulishe watu. Wambie ndugu zako wazi kwamba mwaka huu kila nyumba ije na chungu kimoja, na uwagawie mapema nani alete nini, msije mkakuta vyungu vinne vya kitu kile kile. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na kumpa mwenzako nafasi ya kutoa nako ni kumheshimu. Dada yako hasa atafurahi. Amekuwa akitafuta namna ya kukusaidia bila kukudhalilisha.

Ila kuna jambo moja nakuomba kama mama, na hapa sibembelezi. Anayepika ale ameketi, chakula kikiwa cha moto, pamoja na wengine. Kama ni wewe, kaa. Kama ni mkeo, hakikisha hakuna anayeanza kabla hajavuta kiti. Vinywaji vitaletwa na vijana, sahani zitatolewa na waliokula. Mtu akisema jikoni kuna kitu kimesahaulika, aende yeye kukichukua. Ukifanikiwa hilo peke yake, hata kama hakuna neno la shukrani litakalotamkwa siku nzima, mimi nitahesabu kwamba mmeshukuru.

Umeuliza pia chakula kitakachobaki mkifanyeje, kwa kuwa mwaka juzi watoto walihara. Nadhani kosa letu lilikuwa kuacha masufuria mezani tangu mchana mpaka usiku, kila mtu akidokoa. Chakula kilichopikwa kisikae nje ya jokofu zaidi ya masaa 2, labda kiwe kinawekwa moto kweli, nyuzi 60 za selsiasi na kuendelea. Usiingize sufuria kubwa ya moto kwenye jokofu ilivyo, maana katikati hubaki vuguvugu kwa muda mrefu; kigawe kwenye vyombo vidogo vyenye kina kifupi kipoe upesi. Ukipasha tena, pasha mpaka kifuke moshi kote, sio pembeni tu. Wageni wanaoondoka wafungashie mapema, kabla ya hadithi za jioni kuanza, la sivyo mtasahau kama siku zote.

Mimi nitafika jioni ya siku ya kuamkia sikukuu. Usinitayarishie kiti cha mgeni sebuleni. Nitafutie kisu kinachokata na ubao, na yule binti yako mkubwa aje akae karibu nami jikoni. Kuna habari ya mkono wa bibi yake mkuu nataka nimsimulie tukiwa tunamenya.

Mama yako.