Mkuu, rudisha hiyo mishale dukani kabla Septemba haijafika

Hiyo mishale usikate hata mmoja. Risiti unayo? Kesho asubuhi uwe mlangoni kwao.

Swali lako nimelisoma mara mbili. Upinde wa makapi, yaani ule wenye vigurudumu vya kamba, unaovutwa kwa nguvu ya paundi 65, mishale ya kaboni ambayo ikishavaa kigumba (ile ncha ya kuwindia) inafika greni 360, kama gramu 23, vigumba vya kukunjuka vinavyofunguka inchi 2, safari ya Colorado, Marekani, kumfuata elki dume, yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu. Unauliza kama uzito unatosha, kama kigumba hicho kinafaa, mshale ukatwe urefu gani, na kipima umbali cha bei gani ununue. Nilipofika kwenye "inchi 2" chai ikanipalia. Huyo ni mimi wa miaka minne iliyopita, ila wewe angalau umeuliza kwanza.

Mimi nilimuuliza muuzaji. Jamaa ana ndevu hadi kifuani, ukutani kwake vichwa vya wanyama vimejaa, nani angembishia? Akaniambia kasi ndiyo inayoua. Akanionyesha namba iliyoandikwa kwenye upinde: futi 330 kwa sekunde. Hakuniambia kwamba namba hizo hupimwa kwa upinde wa paundi 70, kamba ikivutwa inchi 30, na mshale wa greni 350. Mikono yangu mifupi, navuta inchi 28, na bega langu liligoma kwenye paundi 65. Kwa hiyo nililipia kasi ambayo upinde wangu hautaiona hata nikiupigia magoti, halafu nikauziwa mishale myepesi ili niikimbilie. Na mwingine alikuwa huko YouTube, anapiga kizuizi cha sponji kwa mbwembwe. Sponji haina mfupa, mkuu!

Siku yenyewe. Nimejibanza nyuma ya mti ulioanguka, napuliza kile kifilimbi cha kuigiza sauti ya jike, dume anaitika. Akatokea yadi 31, kanielekea kwa mshazari, bega mbele. Nilitakiwa kusubiri ageuke. Sikusubiri, kosa hilo ni langu, simpi mwenye ndevu. Nikaachia.

Mshale ukiingia kwenye mbavu unasikia mlio mzito, kama ngumi kwenye gunia la mahindi. Huu ulisema "ka!", kama nyundo kwenye mlango wa mninga. Nikamwona anaondoka na mshale wangu unaning'inia nje karibu wote. Hatua sitini mbele niliuokota. Wembe mmoja umekatika kwenye bawaba, wa pili umepinda kurudi nyuma, kwenye ncha kuna manyoya na kipande cheupe cha mfupa kama ukucha. Umeingia vidole vinne. Vinne, kwa mnyama wa kilo 300 na ushee.

Septemba kule majani ya miti ya aspeni yameshakuwa ya njano, damu inaonekana vizuri mno. Tone la ukubwa wa sarafu, hatua kumi, tone jingine, hatua ishirini, kitone. Siku mbili nilitambaa kwa magoti nikiweka utepe kila penye damu. Siku ya tatu ikanyesha, ikawa basi. Wenzangu wananiambia dume hupona kidonda cha bega. Inawezekana. Wao hawakuyaona yale matone.

Friza nilikuwa nimeshanunua. Kubwa, ya kulala. Sasa hivi ina sambusa za mke wangu za Ramadhani, na kila mgeni akiuliza friza kubwa hivi ya nini, yeye anacheka, mimi natoka nje kukagua matairi.

Sasa elewa kilichotokea. Mrushie mtu mpira wa tenisi ya meza kwa nguvu zako zote, halafu mrushie embe bichi polepole. Atakumbuka lipi? Mshale wako wa greni 360 tuseme unatoka kwa futi 285 kwa sekunde. Kwa upinde huohuo, mshale wa greni 550 utatoka kwa futi 238 hivi. Zidisha uzito kwa kasi: msukumo umepanda kwa zaidi ya robo, bila kuongeza paundi hata moja. Na kile kigumba cha kukunjuka kinakula sehemu ya nguvu hiyo kujifungua tu, kisha kinataka kupasua tundu la inchi 2. Ukigonga mbavu za kulungu mwenye mkia mweupe, mdogo kuliko elki, sawa, watu wanaua hivyo kila mwaka. Ukigonga bega la elki, unabaki na hadithi kama yangu. Sheria ya Colorado yenyewe inataka upana usiopungua inchi 7/8 na makali mawili ya chuma. Saba ya nane! Hiyo mbili alikutajia nani?

Kanuni yangu ni moja: greni 8 kwa kila paundi ya upinde, na kigumba kisiwe na kitu chochote kinachocheza. Kwako ni greni 520 kwenda juu. Dk. Ed Ashby, mtafiti wa mishale ya kuwindia ambaye miaka ya 1980 alifanya majaribio kwa wanyama halisi kule Mkuze, Afrika Kusini, anasema mshale wa kupenya mfupa mzito uanzie greni 650. Mimi nimeishia 560. Kigumba cha kipande kimoja cha chuma, makali mawili, greni 200 badala ya zile 100 za kawaida, nanoa hadi kinyoe nywele za mkono. Ukiongeza uzito mbele, mshale unakuwa kama umelegea, kwa hiyo tafuta mgumu zaidi: namba ya ugumu inashuka, 300 au 250. Vigumba visivyokunjuka vitakupotea kama upinde haujasawazishwa, na ndiyo maana wauzaji wanapenda vile vingine. Vinaruka kama vya mazoezi na kuficha upinde uliokaa vibaya.

Mshale mzito unashuka haraka, ndiyo. Basi sogea karibu.

Na mdau aliyeandika hapo juu kwamba Wahadzabe wanaangusha wanyama wakubwa bila hesabu zote hizi: ndugu yangu, wale kwa mnyama mkubwa wanapaka sumu, utomvu wa waridi la jangwa, halafu wanafuata nyayo kwa subira ambayo mimi na wewe hatuna. Mishale yao mirefu, na pinde zao ukishika hutavuta. Huku sumu kwenye mshale ni marufuku. Usimpe mtu nusu ya mapishi.

Mwaka jana nilipata dume, yadi 24, amegeuka ubavu kabisa, nimesubiri hadi mikono inatetemeka. Mshale nilikwenda kuuchomoa ardhini upande wa pili. Sikutambaa popote.

Ule uliopinda ninao, uko kwenye msumari gereji, juu ya friza. Nikupigie picha?