Maziwa Mepesi na Mavi Yenye Povu: Chakula Kilibadilishwa Ghafla

SWALI: Mhariri, salamu. Ninafuga ng'ombe watatu chotara wa maziwa, wanaolishwa zizini. Kaskazi ilipokausha majani ya napia, niliyapunguza kwa nusu na kuziba pengo kwa pumba za mahindi na unga wa ng'ombe wa maziwa. Mwanzoni maziwa yaliongezeka, kisha yakashuka; mteja wangu anayegandisha mtindi anasema malai yamepungua, na mavi ya ng'ombe yamekuwa laini yenye povu. Jirani ananishauri niwape dawa ya minyoo. Nifanyeje?
– Mfugaji, Kisauni

JIBU: Dawa ya minyoo ina wakati wake, lakini dalili hizo, zikifuatana na mabadiliko ya chakula uliyoyaeleza, zaelekeza kwanza kwenye rumeni, yaani sehemu ya kwanza na kubwa kuliko zote za tumbo la ng'ombe. Humo huishi bakteria na vijidudu wengine ambao huchachusha chakula na kutoa asidi, nazo asidi hizo hufyonzwa na kumpa ng'ombe nguvu. Asidi ya asetiki, itokanayo zaidi na majani, hutumika kutengeneza mafuta ya maziwa. Ya propioniki, itokanayo zaidi na wanga, hugeuzwa sukari kwenye ini na kuongeza wingi wa maziwa, na ndiyo sababu ulifurahi siku za mwanzo.

Taabu huanza wanga unapoingia mwingi kwa ghafla, kwa kuwa bakteria wa wanga huzaana upesi mno, ilhali wale wanaokula asidi ya laktiki, yaani asidi kali itokanayo na wanga huo unapozidi, huzaana polepole. Kipimo cha pH, ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, kwa kawaida huwa kati ya 6 na 7 ndani ya rumeni. Kikikaa chini ya 5.8 kwa saa nyingi kila siku, bakteria wanaovunja nyuzinyuzi hudhoofika, mafuta ya maziwa hupungua, na baadaye kwato huanza kuuma. Chini ya 5, ng'ombe aweza kufa.

Kinga yake ya asili ni mate. Ng'ombe anayecheua vyema hutoa zaidi ya lita 100 kwa siku, zenye bikaboneti inayopunguza asidi, na kinachomcheulisha ni nyasi, wala si pumba. Joto letu la Mombasa huzidisha tatizo: ng'ombe anayehema hudondosha mate chini badala ya kuyameza, huziacha nyasi mchana, kisha usiku hula kwa pupa.

Kwa hiyo rudisha nyasi leo, hata ikibidi kununua marobota ya nyasi kavu. Bei yake inauma, ila kwa maoni yangu kumpoteza mteja wa mtindi kunauma zaidi. Angalau nusu ya lishe, ikipimwa ikiwa kavu, iwe nyasi zilizokatwa vipande vya sentimita 3 hadi 5, zisisagwe. Punguza unga na pumba kwa nusu, na hali ikitengemaa uongeze nusu kilo kila baada ya siku 3, ukigawa mara 3 au 4 kwa siku, baada ya nyasi. Bakteria huhitaji wiki 2 hadi 3 kuzoea chakula kipya, na ukuta wa rumeni wiki 4 hadi 6. Nyasi nyingi zitolewe alfajiri na jioni, na maji yasikosekane. Ng'ombe akikataa kula kabisa au akishindwa kusimama, mwite daktari wa mifugo saa hiyo hiyo.

SWALI: Mashudu ya nazi ni rahisi kupatikana kwetu. Je, yaweza kuchukua nafasi ya pumba?
– Msomaji, Likoni

JIBU: Kwa kiasi, ndiyo. Hayana wanga mwingi, hivyo hayaleti asidi kama mahindi. Lakini yaliyokamuliwa kwa mashine ndogo hubaki na mafuta mengi, ambayo nayo huwadhoofisha bakteria wa nyuzinyuzi. Anza na robo kilo kwa siku, uongeze taratibu kwa wiki 2 bila kuzidi kilo 2, na uyanuse kabla ya kulipa: yaliyovunda au yenye ukungu mwachie muuzaji.